Kisima cha Namihundi

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayefanya naye kazi alichomoa spika masikioni, akanigeukia, akaniuliza, "Dada Somoe, wewe si wa Newala? Hivi Namihundi iko upande gani wa kule?" Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikakiweka mezani taratibu kwa sababu ninajijua. Nikamwambia hakuna mahali panapoitwa Namihundi, hapajawahi kuwapo, na kama amemaliza kazi yake aje anisaidie ya kwangu. Akacheka kicheko cha mtu anayeamini kuwa anafichwa jambo. "Dada, mimi nakuelewa," akasema. "Hata ningekuwa mimi nisingekiri."

Siku yangu iliharibikia pale. Sina ugomvi na vijana kupenda hadithi za kutisha, hata mimi nazipenda. Kinachoniudhi ni kwamba mji ule namjua aliyeutunga, na meza aliyoutungia naijua, mguu wake mmoja ulitiwa kigae chini ili isiyumbe. Bado neno langu halifui dafu mbele ya sauti inayosimulia hadithi zake kwenye simu, iliyowekewa milio ya bundi. Na baba, ambaye angeweza kuulizwa, hayupo tena.

Ndiyo, Namihundi ulikuwa mji wa baba yangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Masasi. Tulikaa Mkomaindo, katika nyumba yenye chumba cha nyuma ambacho dirisha lake lilitazama jabali. Kila Jumamosi, akishakunywa uji, alimwambia mama, "Mimi nakwenda Namihundi," kisha akaingia chumba kile na kufunga mlango. Mimi nikajua anakwenda kweli. Niliamini anatokea dirishani, anazunguka jabali, na huko nyuma ndiko mji ulipo. Mama akinituma nimpelekee chai nilibisha nikiogopa kukuta kiti kitupu. Nikimkuta, nilitazama viatu vyake kama vina vumbi. Havikuwa na vumbi hata siku moja, nami nikaona ni kwa sababu baba yangu ni mtu msafi.

Jioni alitoka na karatasi, akazitia kwenye bahasha, zikapanda basi la Dar es Salaam. Baada ya muda zilirudi zikiwa ndani ya gazeti la kila wiki, zina picha ya mti mkavu na mwezi. Watu wa hadithi zile walibadilika kila mara: leo mpima ardhi, kesho muuza mitumba, keshokutwa muuguzi aliyehamishiwa kazi. Mji haukubadilika. Ulikuwa na barabara moja, msikiti na kanisa vikitazamana, ukungu wa asubuhi usiotaka kuondoka, mikorosho kila upande, na ukingo ambapo ardhi inakatika ghafla na kuteremka bondeni. Mgeni aliyefika Namihundi hakuondoka salama. Ilifika mahali wasomaji wakaujua mji ule kuliko watu waliotiwa humo, wakawa wanaulizia duka la pale kona siku hizi ni la nani.

Baba hakuanzia huko. Nilimsikia siku moja akimweleza mama, sauti imemchoka. "Niliwapelekea hadithi ya mtu na shamba lake la korosho, wakanirudishia. Nikawapelekea ya ndoa, wakanirudishia. Nilipowapelekea ya maiti anayepulizia mikorosho dawa ya salfa, wakaniuliza nyingine iko wapi." Mama akamwambia aachane nao. "Nikiachana nao, kwetu hakutaandikwa kabisa," akajibu. Wakati ule maneno hayo yalinipita. Leo nayaelewa, na hasira zangu nyingi zinaanzia hapo. Watu wale walikuwa tayari kabisa kutusoma, ila kwa sharti kwamba watuogope.

Mama alipojifungua mapacha, nilipelekwa Mkunya, Newala, kwa bibi, mama yake baba, nikasome huko mpaka nyumbani kutulie. Bibi alikuwa akiishi peke yake tangu babu afariki. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa mikono, mzito wa magoti, na watu wa rika lake walimwita Mama Selemani kwa jina la baba yangu.

Mkunya hakuna mto. Ninyi mliokulia penye bomba itabidi niwaeleze. Kule maji ni ya mvua. Yanakingwa juu ya bati, yanashuka kwa mfereji mpaka kisimani, na kisima ni shimo kubwa lililochimbwa kando ya nyumba, likasakafiwa kwa saruji na kuachiwa mdomo mdogo wa kupitisha ndoo, au mtu mmoja wa kukisafisha. Visima vikikauka kabla ya mvua, unateremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, na mlima ule unakula magoti. Kisima cha bibi kilichimbwa na babu, na kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya jirani, kwa hiyo kila kiangazi wenzake walimalizia kwake. Mwanamke alisimama uani akasema, "Mama Selemani, tumekuja tena," naye akajibu, "Mngekwenda wapi?" Alichota kikombe kwanza, akakinywa mbele yao, kisha akawapa kamba wateke. Kwake yeye, kisima kuifikia mvua kikiwa bado na maji ilikuwa aibu, maana yake watu wamekupita.

Alikuwa na namna yake ya kupima yaliyobaki. Kisima kilikuwa kirefu mno kwa fimbo, na macho yake yalikwisha kuingia ukungu. Basi kila alfajiri alipiga magoti, akasogeza kifuniko, akainamisha kichwa na kuita, "Hodi!" Kisha akasikiliza. Sauti ikirudi upesi, maji ni mengi. Ikizunguka kwanza huko chini ndipo irudi, yamepungua. Babu ndiye aliyemfundisha. Majirani waliizoea hodi ile, wengine waliitumia kujua kwamba kumekucha. Mimi nami nikajifunza, na nilijiona napima vizuri kuliko yeye.

Kisha likaja gazeti. Hamisi, kijana mwenye kibanda cha sabuni na sigara, alilipata Nanganga alikokwenda kununua kuku. Jioni akalisoma kwa sauti barazani pake kama kawaida yake, kwa kuwa hadithi za Mwalimu Selemani zilikuwa fahari ya kijiji kizima. Nilikuwapo, nimetumwa chumvi. Safari hii Namihundi ulikuwa na bibi kikongwe mwenye kisima. Kila alfajiri alipiga magoti akaita hodi ndani ya kisima, na kutoka chini sauti ikamjibu, karibu. Watoto wa mji walipotea mmoja baada ya mwingine, na maji ya bibi yule hayakuisha.

Watu walicheka. Nataka hilo lieleweke vizuri, walicheka, na mzee mmoja akasema, "Huyu Selemani, hata mama yake hamwonei haya." Mimi nilifurahi mpaka nikasahau chumvi. Hatimaye nilijua Namihundi ni wapi: ni hapa, na mimi nimo ndani yake, na bibi yangu yuko gazetini. Kesho yake Hamisi aliniazima gazeti nikamsomea bibi, naye akawa anasikiliza huku anamenya ming'oko, ile mizizi ya porini tunayopika kama viazi. Nilipomaliza akauliza, "Na hao wanaokuja kuteka, bibi huyo anawapa?" Nikasema anawapa. "Basi ubaya wake nini?" akasema, akaendelea kumenya.

Walioanza ni watoto. Hadija, tuliyekaa naye dawati moja, alikuja kwetu kucheza, bibi akampa maji, akasema tumbo linamuuma. Mwingine akasema amekwisha kunywa kwao. Halafu mama zao. Mama Hadija, jirani wa mlango wa pili, alisema anateremka bondeni kwa sababu ana nguo nyingi za kufua. Mwingine alisema anataka mkwewe aijue njia. Mwingine alisema maji ya bondeni ndiyo yanayoivisha mbaazi. Hakuna aliyesema anaogopa, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Utagombana vipi na mtu anayekwambia anakwenda kufua? Walitusalimia vizuri, wakaulizia magoti ya bibi, wakapita na ndoo zao tupu mbele ya kisima kilichojaa.

Nilivumilia mpaka nikashindwa. Siku moja nilimkuta Mama Hadija akichanja kuni. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza kwa nini hawaji tena kuteka kwetu. Akaegemeza shoka.

"Mwanangu, mimi bibi yako namjua tangu naolewa hapa," akasema. "Sina neno naye. Lakini aliyeandika ni nani? Angekuwa mtu wa Dar tungecheka, yakaisha. Huyu ni mtoto wa tumbo lake. Mtoto atamzulia mama yake mbele ya watu? Kuna kitu alikiona akiwa mdogo, kikamkaa, sasa ndiyo anakitoa kidogo kidogo."

"Baba anatunga," nikasema. "Anakaa kwenye kiti, anatunga."

"Na ile hodi, anatunga? Mimi naisikia kila siku. Hujawahi kujiuliza bibi yako anampigia nani?"

Nikamweleza habari ya kupima maji, sauti inayorudi upesi na sauti inayochelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa upole, kisha akanitazama kwa huruma. "Ndivyo alivyokwambia," akasema, akachukua shoka lake.

Nililia njia yote ya kurudi. Mtoto akisema kweli akaonewa huruma, hana pa kushika. Na hoja yao, hata leo nikiigeuza, naona ilivyowakamata. Uongo wa mgeni wangeutupa mara moja. Wa mtoto kwa mama yake hawakuwa na mahali pa kuuweka, ikabidi wauite kweli.

Asubuhi moja tulikuta kifuniko cha kisima kimelundikiwa matawi ya miiba. Aliyeyaweka hatukumjua, na mpaka leo simjui. Bibi aliyaondoa mwenyewe, yakamchana kiganja, akayapeleka nyuma ya jiko akisema yatafaa kuwashia moto. Nilikuwa nimesikia ya kutosha kuhusu vikongwe wanaoishi peke yao na wanayofanyiwa pale majirani wakishakubaliana kwamba ni wachawi. Tangu siku ile bibi aliacha kuita kwa nguvu. Aliinama, akanong'ona hodi yake, na bila shaka hakuna kilichorudi, kwa sababu kisima hakijibu mnong'ono. Basi hakujua tena ana maji kiasi gani.

Baba alipopata habari alipanda basi akaja. Akaona kitambaa kwenye kiganja cha mama yake, akatoka akawaita watu. Walikuja wote, kwa adabu zote. Akawaeleza kwamba Namihundi hakuna, bibi wa kisima hakuna, yote ameyatoa kichwani mwake. Akateka maji akanywa mbele yao, nami nikanywa. Wakapiga makofi. Nikadhani yamekwisha, mpaka yule mzee wa barazani kwa Hamisi aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, yule mtoto wa mwisho alitoka kisimani?"

"Hakuna mtoto, mzee wangu. Nilimtunga."

"Ndiyo, ndiyo, tumekuelewa," mzee akasema. "Lakini alitoka?"

Baba alisimama pale na kikombe chake, na mimi kwa mara ya kwanza nilimwona mdogo. Kesho yake ndoo zilipita tena kuelekea bondeni.

Usiku huo baba alimsihi bibi ahamie kwetu Masasi. Niliwasikia kutoka kitandani. "Nikiondoka watasema nimekimbia," bibi akasema. "Hapa ndipo nilipoolewa, na baba yako yuko pale nyuma chini ya mikorosho. Siondoki na jina hili. Wewe uliyeandika nenda kaandike vizuri."

Hilo nami nililiona ni jambo jepesi. Aliyeumba mji si anaweza kuuamrisha? Kabla hajapanda basi nilimshika mkono nikamwambia aandike tu kwamba maji ni mazuri. Akasema ataandika, na aliandika kweli. Katika hadithi iliyofuata alifika mpima ardhi mwenye tochi, akawaonyesha watu wa Namihundi kwamba sauti ya kisimani ni mwangwi tu, na watoto waliopotea wakapatikana wamekwenda kuvuna mpunga bondeni. Hamisi aliisoma barazani mpaka nukta ya mwisho. "Mwalimu wamemkalisha chini," mzee akasema. Mwanamke mmoja akaongeza, "Si alikuja juzi hapa? Wakaongea ndani usiku kucha? Mama yake huyo si wa mchezo." Baba akajaribu tena, akautia mji wake reli na kituo cha treni, ili kila mtu aone kwamba si kwetu. Wakasema sasa anaficha njia.

Kiangazi kikakaza. Kisima cha Mama Hadija kikakauka, na vingine vikafuata, na wanawake wakawa wanapanda mlima wamenyong'onyea, na watoto wadogo wakaja shuleni na midomo iliyopasuka. Mawingu ya kwanza yalianza kuonekana mbali upande wa Ruvuma, na kisima cha bibi bado kilikuwa na maji. Nikimwona anavyokitazama nilijua anaona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyenyima.

Asubuhi moja alifunga kitenge kiunoni akaniambia nilete ndoo. Nikamletea. Akateka, akabeba mpaka kwenye mikorosho, akamwaga chini. Akarudi, akateka tena. Nikamuuliza anafanya nini. "Wanasema kuna mtu chini," akasema. "Tumtafute."

Sijui nitawaelezaje kumwaga maji safi Mkunya wakati ule wa mwaka. Vumbi liliyameza kabla hujageuka. Watu walianza kukusanyika, na hakuna aliyesogea karibu. Tulifanya kazi ile kwa siku kadhaa, mimi na yeye, mgongo wangu unawaka, kiganja chake kimefunguka kidonda upya. Nilikuwa namwaga huku nalia kwa hasira, nimemkasirikia yeye, nimewakasirikia wao, nimemkasirikia baba aliyekaa Masasi na kalamu yake. Mama Hadija ndiye aliyeshindwa kwanza.

"Mama Selemani, acha," akasema. "Maji hayo, mama. Watoto wana kiu."

"Maji gani?" bibi akamjibu bila kusimama. "Si mnakwenda kufua?"

Ndoo ilipoanza kukwangua chini, bibi alimwita Hamisi. "Wewe ndiye unayejua kusoma," akamwambia. "Chukua ngazi na tochi, ingia ukatusomee." Hamisi aliangalia watu kama atapata wa kumtetea, hakupata. Akaingia. Tulisikia miguu yake kwenye tope, anakwenda huku, anarudi huku. Alipotoka alikuwa na tope mpaka magotini na uso wake umelegea.

"Hakuna kitu," akasema. "Saruji tu. Kuna alama za vidole vya mtu aliyekuwa anasawazisha."

"Za mume wangu," bibi akasema.

Wakaja wote kuchungulia. Walipanga mstari kama kliniki, kila mmoja akainama, akamulika, akainuka akampisha mwingine. Mzee wa barazani alichungulia kwa muda mrefu kuliko wote. Hatimaye akainuka, akajipangusa magoti, akasema, "Kumbe ni kisima." Mtu akacheka, kisha wakacheka wote, na Mama Hadija akamkumbatia bibi huku analia. Nilingoja niwaone wanajuta. Nilingoja mmoja aseme neno moja la kuomba radhi, niridhike. Walipongezana kama watu waliookoka kwenye ajali, wakatawanyika kwenda kupika.

Alfajiri iliyofuata walikuja kundi zima, na ndoo zao, wakasimama uani. Mama Hadija akaita, "Mama Selemani, tunateremka bondeni. Toka twende wote, tutakushika mkono penye mawe." Nyumba yetu haikuwa na tone. Alipokuwa na maji walimkimbia, sasa hana hata ya kupikia uji ndiyo wamekuja kumchukua awe mwenzao. Nilimshika bibi kitenge nikamwambia asiende nao. Nikamwambia mvua iko karibu, nitakwenda mimi peke yangu, nitapanda na kushuka mpaka jioni, yeye akae.

"Nipe ile ndoo ndogo," akasema. Akasokota kipande cha khanga akapata kata ya kichwani, akaiweka, akaijaribu, akatoka.

Nilifuata nyuma. Mbele yangu walikuwa wamemweka katikati, Mama Hadija amemshika kiwiko, mwingine amembebea ndoo, na kabla hatujafika ukingoni bibi alikuwa anasimulia jambo la zamani na wote wanacheka. Magoti yalikuwa yanamuuma, niliona anavyoyaburuta kwenye mawe. Niliwachukia wote njia nzima ya kuteremka, na zaidi ya wote nilimchukia bibi, kwa sababu alikuwa na furaha.